Orodha kwanza: kukusanya na kununua sarafu za zamani ukiwa Arusha au Moshi

Kwenye vibanda vya vinyago Arusha, mara nyingi pembeni ya shanga kuna bakuli la sarafu kuukuu. Ndani yake utakuta heller za Mjerumani, shilingi za simba, senti za Kenya, rupia za India, na nyingine za nchi ambazo pesa yake haijawahi kununua hata kiberiti huku kwetu. Mgeni wa mambo haya huchota konzi moja, akalipa, akaondoka amefurahi. Akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa na kilo mbili za shaba, ila mkusanyo hana.

Mkusanyo unaanzia kwenye mpaka: zipi zinaingia, zipi haziingii. Mpaka mzuri unaenea kwenye karatasi moja, na sarafu zake nyingi zinapatikana huku huku. Ukiwa na karatasi hiyo mfukoni, kila bakuli unalolikuta unalimaliza kwa dakika kumi, kwa sababu unajua unachokitafuta. Faida kubwa zaidi ni bei. Anayefuatilia aina moja ya sarafu kwa miezi sita anaijua bei yake kuliko muuzaji anayeuza aina mia tatu.

Kwa wakazi wa huku kaskazini, mipaka mitatu inafaa.

Wa kwanza ni heller zenye tundu. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoa heller mwaka 1904, 100 kwa rupia moja, ikaachana na hesabu ya zamani ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya sarafu ndogo zilizoitwa pesa, 64 kwa rupia. Heller 10 zenye tundu ni za 1908, 1909, 1910 na 1914, zote zikiwa na herufi J ya kiwanda cha Hamburg, pamoja na ya 1911 yenye herufi A ya Berlin. Heller 5 zenye tundu ni tatu tu: 1913 A, 1913 J na 1914 J. Jumla vipande 8. Usizichanganye na heller 5 za shaba za 1908 na 1909, zile kubwa kama kisosi zenye gramu 20. Hizo hazina tundu na zina mlango wake. Kwa anayeanza leo, seti hii ya vipande 8 ndiyo tunayoipendekeza kabla ya nyingine yoyote: ina mwisho unaoonekana, na inakulazimisha kusoma mwaka na herufi kila mara.

Wa pili ni shilingi ya simba, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima. Ilitoka 1921 hadi 1925, ikakatika, ikarudi 1937, kisha 1941 hadi 1946, halafu 1948, 1949, 1950 na 1952. Mtu akikuuzia ya 1930, mrudishie kwa heshima. Zilizotoka hadi 1946 zina fedha asilimia 25. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu, ingawa uzito ni ule ule wa gramu 7.78. Hata mwaka ukiwa umefutika, soma maandishi ya upande wa mfalme: yale ya fedha bado yanamtaja kuwa mtawala wa India, IND IMP, na yale ya 1948 na kuendelea hayana maneno hayo, kwa sababu India ilikwisha kujitawala 1947. Ya 1923 ni adimu kuliko jirani zake, hivyo ukiikuta usiiache kwa sababu ya kuchakaa kidogo. Herufi ndogo nazo zihesabu: H na KN ni viwanda vya Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria.

Wa tatu ni sarafu za Benki Kuu yetu tangu 1966: senti 5 ya samaki, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, shilingi ya mwenge, kisha senti 10 ya pundamilia ya 1977, na kuendelea hadi shilingi 500 ya nyati ya 2014. Ni rahisi kuzipata, lakini ngumu kuzipata zikiwa safi, maana kila mtu alizitumia. Hapa kazi yako ni hali ya sarafu, na subira.

Kuna kipande kimoja cha pembeni kinachostahili kutajwa. Edward wa Nane alikaa kwenye kiti cha Uingereza chini ya mwaka mmoja, 1936, akaondoka kabla hata ya kuvikwa taji. Baadhi ya senti 5 na senti 10 zenye tundu za Afrika Mashariki za mwaka huo zina jina lake, kwa kuwa hazikuhitaji sura ya mfalme. Si ghali. Wachuuzi wengi hawazitofautishi na nyingine, na ndiyo maana inafaa kuzipindua zote.

Vifaa vya kazi Arusha si shida, kwa sababu mji umejaa wafanyabiashara wa tanzanite. Nunua lenzi ya kukuza mara 10 na mizani ndogo ya mfukoni inayosoma hadi gramu 0.01. Angalia mizani imewekwa kwenye nini: ya broka wa madini mara nyingi inasoma karati, na gramu moja ni karati 5. Rupia ya Mjerumani yenye gramu 11.66 itakusomea 58.3, na wewe utadhani umedanganywa. Ongeza sumaku ndogo. Rupia, heller, shilingi ya simba na shilingi ya mwenge ya 1966 hazishiki sumaku. “Rupia” inayoshika ni chuma kilichopakwa rangi, usiendelee hata kuuliza bei.

Sumaku peke yake haitoshi, kwani shaba nyeupe nayo haishiki. Kwa rupia fanya kipimo cha maji, ni cha dakika mbili. Weka glasi ndogo ya plastiki yenye maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala kuta. Rupia halisi, yenye fedha asilimia 91.7, itasoma kama gramu 1.13. Nakala ya shaba na nikeli yenye uzito ule ule itasoma 1.31 hivi, ya shaba ya manjano itakaribia 1.37. Makosa mawili huharibu kipimo: viputo vya hewa vilivyonata kwenye sarafu, na uzi mnene unaonyonya maji. Ukimaliza, ipapase kwa kitambaa laini, usiisugue.

Halafu tazama ukingo. Rupia nyingi zilifanywa vidani na mikufu, na sonara akaunganisha kipete juu. Kipete kikitolewa hubaki alama ya risasi ya kulehemu au sehemu iliyopigwa tupa, mara nyingi juu ya kichwa cha mfalme. Izungushe taratibu chini ya mwanga wa pembeni. Sarafu ya namna hiyo ilipie bei ya fedha yake tu. Bei hiyo ya chini kabisa unaweza kuipigia hesabu mwenyewe: rupia ina gramu 10.69 za fedha safi, shilingi ya simba hadi 1946 ina gramu 1.94. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Nakala za kumimina zinajulikana kwa mshono kwenye ukingo na vishimo vidogo kama matundu ya sindano kwenye uwanja ulio wazi wa sarafu.

Kuhusu rupia 15 za dhahabu, zile za tembo zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita: uzito wake ni gramu 7.17, dhahabu asilimia 75. Mtu akikutolea moja kutoka mfukoni barabarani, chukulia ni nakala. Ya kweli inunuliwe ikiwa ndani ya kasha la kampuni ya kupima kama NGC au PCGS, na namba ya kasha uihakiki mwenyewe kwenye tovuti yao kabla pesa haijatoka. Zile hadithi za “mali ya Mjerumani” na rupia inayovuta punje za mchele ni utapeli mtupu. Fedha haivuti mchele.

Sasa kununua. Huku hatuna maonesho ya sarafu yenye meza na tiketi. Maonesho yetu ni Soko la Wamasai, maduka ya vinyago, masonara, na makopo ya biskuti ndani ya nyumba za wazee kuanzia Machame hadi Marangu. Kanuni za maonesho hata hivyo zinafanya kazi vilevile. Zunguka mara ya kwanza bila kununua, uandike nani ana nini na anataka ngapi. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa. Usiitoe ile uitakayo peke yake. Weka pamoja nne au tano, uulize bei ya zote, halafu punguza zile usizozihitaji moja moja. “Kaka, hizi tano nikichukua zote utanifanyiaje?” inafungua mlango kuliko “hii bei gani?” Na beba noti ndogo, maana muuzaji asiye na chenji bei yake haishuki.

Kwa mzee nyumbani ni jambo jingine. Shikamoo kwanza, kaa, kunywa chai. Usinunue kutoka kwa mjukuu aliyelichomoa kopo mwenyewe, hata akiwa na haraka ya ada. Mwambie mzee ukweli kuhusu kile kilicho adimu. Ukoo huzungumza, na ukijulikana kwa kulalia watu, makopo mengine hayatafunguliwa. Andika karatasi yenye tarehe, orodha ya sarafu, bei na majina ya mashahidi wawili. Siku ndugu akija kudai, karatasi hiyo itakuokoa.

Ukipata nafasi ya maonesho ya nje, au una ndugu Ujerumani, World Money Fair ya Berlin hufanyika kila mwanzo wa mwaka, na sarafu za koloni zinapatikana huko zikiwa safi kuliko hizi zetu zilizozunguka sokoni. Mpe ndugu yako orodha yenye mwaka, herufi na hali ya chini unayoikubali. Tahadhari moja: wauzaji wa Kijerumani huandika “J.” na namba ya tarakimu tatu. Hiyo ni namba ya katalogi ya Jaeger, si herufi ya kiwanda cha Hamburg. Kwingine hutumia namba za KM, yaani za katalogi ya Krause. Andika zote mbili. Saa za mwisho za siku ya mwisho bei hulegea, ila vilivyo bora vinakuwa vimeshaondoka. Kwa sarafu adimu ya kwenye orodha, nenda asubuhi.

Hali ya sarafu isome mahali panapochakaa kwanza. Kwenye shilingi ya simba ni manyoya ya shingo na nywele za mfalme juu ya sikio; kwenye rupia ni mapambo ya kofia ya chuma na sharubu. Pakiwa laini kama kokoto, usilipe bei ya daraja la VF (Very Fine, iliyochakaa kidogo tu) hata muuzaji aape. Bei ya kulinganishia ni ile sarafu iliyouzwa kweli mnadani, kwa sababu tangazo mtu anaweza kuandika milioni.

Sarafu inayong'aa kama bomba jipya iogope: imesuguliwa. Na wewe usisugue. Limau, jivu, dawa ya meno, vyote hukwangua uso wa sarafu na kuushusha daraja moja kwa moja. Uchafu wa kawaida loweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, siku moja au mbili. Utelezi wa kijani uliotokana na plastiki huondoka kwa asetoni safi, si ile ya kufutia rangi za kucha yenye manukato, ndani ya glasi, dirisha likiwa wazi na jiko likiwa mbali.

Utelezi huo husababishwa na albamu za plastiki laini ya PVC yenye harufu, zile za picha. Tumia vifuko vigumu visivyo na PVC au fremu za kadi, na pini zake zibonyeze kwa koleo zisikwaruze jirani. Usifunge kwa raba bendi, salfa yake huifanya fedha nyeusi. Sanduku la mbao mpya nalo hutoa mvuke wenye asidi. Kopo la bati lenye vifuko viwili vitatu vya silika vinavyokuja na viatu vipya linatosha, na masika ya Machi hadi Mei vibadilishe.

Jambo la mwisho ni la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavitambua kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Vile visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa vinaangukia humo: kuvichimba au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Sarafu za Mjerumani na za Bodi ni za baada ya hapo, na bakuli la vinyago bado linazo.