Aliyemkata farasi wako kwato, nani anamkagua?

Wiki hii msomaji mmoja wa Kigamboni ametuandikia. Farasi wake jike alivuliwa viatu vya chuma na kukatwa kwato zote nne siku hiyohiyo, na fundi aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa kwato za asili. Leo ni siku ya tano. Farasi hataki kutoka bandani, akigeuzwa anajivuta, na fundi anajibu kwenye simu kwamba hicho ni kipindi cha mpito, sumu inatoka, mwenye farasi avumilie. Dada yetu anauliza kama kweli avumilie.

Asivumilie. Farasi aliyekatwa vizuri hutoka mikononi mwa fundi akitembea kama alivyoingia, au vizuri zaidi. Kipimo hicho hakihitaji mtu awe amesomea chochote. Ni kweli kwamba farasi aliyezoea viatu anaweza kuogopa kokoto kwa wiki kadhaa baada ya kuvuliwa, lakini farasi huyohuyo kwenye mchanga anatakiwa aende bila shida. Akichechemea hata kwenye mchanga, akilala muda mrefu kuliko kawaida yake, au akisimama ametanguliza miguu ya mbele na uzito kaurudisha nyuma, ameumizwa au anaumwa. Na hakuna sumu inayotoka kwa kuchechemea. Kinachoweza kutoka ni usaha.

Hatuna ugomvi na farasi kukaa peku. Farasi wengi wa Dar, wanaotembea ufukweni na kwenye viwanja vya mchanga, hawana haja ya chuma. Ugomvi wetu ni na kisu kisicho na mwenyewe wa kukiuliza. Uingereza ipo sheria ya mwaka 1975 inayomtaka anayepiga farasi viatu awe amesajiliwa, na usajili huo huja baada ya uanagenzi wa miaka kama minne. Lakini sheria ile inahusu kiatu, na kuuandaa mguu ili upokee kiatu. Anayekata tu na kumwacha farasi peku hayumo. Marekani hata mpiga viatu kwa kawaida hahitaji leseni. Hapa kwetu Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inamtaka daktari wa mifugo asajiliwe na Baraza la Veterinari, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Daktari una pa kumshtakia. Mtu aliyemaliza kozi ya siku chache, akanunua koleo na tupa na kuanza kupita kwenye mabanda, utampeleka wapi? Dar farasi wenyewe ni wachache, wa polisi, wa klabu na wa watu binafsi, kwa hiyo hata majirani wa kulinganisha nao kazi yake hawapo.

Mafundi hawa hupenda kutaja farasi wa porini, kwamba ukwato wake ndio mfano wa kuigwa. Asili ya hoja ni Jaime Jackson, Mmarekani aliyekuwa mpiga viatu, ambaye miaka ya 1980 alichunguza kwato za farasi wa porini katika Great Basin, magharibi mwa Marekani. Alichokiona kule alikiona kweli. Lakini kule ni nyika kavu yenye mawe, na farasi anatembea masafa marefu kila siku kutafuta maji na majani. Farasi wa Kigamboni anasimama bandani sehemu kubwa ya siku, hewa ina unyevu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei yanaugeuza uwanja kuwa tope. Ukwato uliolowa hulainika, unyayo nao hulainika. Umbo ambalo nchi kavu imelichonga kwa miezi, mtu analichonga kwa kisu saa moja kwenye mguu laini, halafu anashangaa damu.

Tuseme basi kisu kinapita wapi. Ukuta wa ukwato hukua kati ya milimita 6 na 10 kwa mwezi. Kutoka pale nywele zinapoishia hadi ncha ya mbele ni safari ya miezi 9 hadi 12. Ndiyo maana kosa la leo unaishi nalo karibu mwaka, na ndiyo maana kukata kidogo kila wiki 5 au 6 kunashinda kukata kwingi kila miezi mitatu. Unyayo unatakiwa kuwa na unene wa milimita 10 hadi 15 chini ya mfupa wa ndani. Ubonyeze kwa vidole gumba viwili mbele ya ncha ya ile pembetatu laini iliyo katikati ya ukwato. Ukibonyea, ni mwembamba, na hakuna kisu kinachotakiwa kuugusa.

Hapa ndipo uharibifu mwingi unapotokea. Mafundi wa haraka wanapenda unyayo uwe na bonde, kwa sababu kwato nzuri wanazoziona pichani zina bonde, basi wanalichimba. Bonde la kweli linatokana na mfupa kukaa juu ndani ya ukwato, ukuta ukiwa umeushika sawasawa. Halichimbwi kutoka nje. Ukichimba unaondoa ngao ya mfupa, na ile sehemu ngumu ya mbele, karibu na ncha, ndiyo ngao kubwa kuliko zote. Kisu kinaruhusiwa kuondoa unga mkavu unaopukutika wenyewe. Ukifika mahali panapong'aa kama nta, simama. Ukiona rangi ya waridi umeshapitiliza. Damu hata tone moja ni kosa, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa na pepopunda kwa urahisi sana, kwa hiyo damu kwatoni maana yake ni simu kwa daktari siku hiyohiyo kuulizia chanjo.

Zile kuta mbili ndogo zinazopinda kutoka visiginoni kuingia ndani nazo wanazichimba hadi ziishe, wakisema zinauziba mguu. Kazi yake ni kusaidia kubeba uzito nyuma. Zinasawazishwa na unyayo, hazing'olewi.

Kisigino nacho kina hesabu yake. Ukikishusha ghafla, kano ndefu inayoteremka nyuma ya mguu hadi chini ya mfupa wa ukwato inavutika, nayo inauvuta mfupa. Farasi mwenye kisigino kirefu hushushwa kidogokidogo, milimita chache kila baada ya wiki 3 au 4, akitazamwa anavyotembea kati ya mara na mara. Fundi anayekuja na mwinamo mmoja wa ukuta wa ukwato kuwafaa farasi wote, nyuzi 45 mbele na 55 nyuma iwe mvua iwe jua, anafuata jedwali lake, mguu ulio mbele yake hautazami. Urefu wa ukuta wa mbele, kutoka nywele hadi ncha, ni takribani sentimita 7.5 kwa farasi wa kilo 400 hivi, na karibu 9 kwa wa kilo 500 na zaidi. Hayo ni makadirio ya kukustua, siyo ya kukatia.

Kuhusu tupa: ukingo wa chini wa ukuta unaviringishwa ili usimeguke, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini inaishia kwenye nusu ya nje ya unene wa ukuta. Anayepandisha tupa hadi katikati ya ukwato ili upendeze anaupunguza ukuta nguvu.

Punda tumseme kidogo, maana pembezoni mwa jiji wapo wanaovuta mikokoteni na mafundi hawahawa wanawagusa. Ukwato wa punda umesimama zaidi kuliko wa farasi na hunyonya maji zaidi. Ukiulaza ufanane na wa farasi umemharibu. Tena punda huficha maumivu, na anayeacha kula anaweza kufa kwa mafuta kujaa kwenye damu kabla hujajua kwamba tatizo lilianzia kwatoni.

Kwa hiyo mkaguzi ni wewe mwenye farasi. Kabla fundi hajafungua mkoba, piga picha za kila ukwato kwa upande, mbele na chini, simu ikiwa karibu na ardhi, na rula imeegemea ukuta. Mrekodi farasi akitembea kwenye ardhi ngumu na laini, akigeuka kushoto na kulia. Rudia baada ya kazi, na tena baada ya siku mbili. Fundi anayekataa kupigwa picha amekujibu tayari. Muulize alijifunza kwa nani na kwa muda gani, anafanya kazi na daktari yupi, na atafanya nini farasi akichechemea kesho. Jibu la mwisho lazima liwe na neno daktari ndani yake. Na kumvua farasi viatu kupangwe kiangazi, siyo masika, mbele kwanza au nyuma kwanza, si lazima vyote vinne siku moja.

Tope likianza na pembetatu ikanuka na kutoa uchafu mweusi, safisha kila siku, kausha, paka mrututu uliochanganywa na maji kwa wepesi, na uhamishe banda pakavu. Kumtembeza baharini hakutibu kuoza. Kulowa na kukauka kila siku kunaongeza nyufa.

Sasa dada wa Kigamboni. Leo, siyo kesho: weka vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu, pembeni, utafute mshipa. Kwa farasi mzima mpigo huo ni hafifu, unautafuta. Ukidunda wazi kwenye miguu yote miwili ya mbele, na kwato zina joto, unaweza kuwa ni uvimbe wa ndani ya ukwato, na hiyo ni dharura. Ukidunda mguu mmoja tu, fikiria jipu. Vyovyote iwavyo, mwite daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na mwombe picha ya eksirei ya upande, waya ukiwa umebandikwa kwenye ukuta wa mbele ili unene wa unyayo na mwelekeo wa mfupa vipimike. Ikishindikana Dar, hospitali ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) ipo Morogoro, ila asisafirishwe kabla daktari hajasema anaweza kusimama njia nzima. Wakati unamsubiri, mwekee mchanga mnene au maranda ya sentimita 15, maji na nyasi karibu ili asitembee. Kata sponji ngumu ya unene wa sentimita 5 kwa umbo la ukwato, uifunge chini kwa tepu pana, na ubadilishe ikishabonyea. Usimpe dawa za maumivu za binadamu, na usimtembeze "azoee". Fundi akipiga simu kutaka kurudi kurekebisha, mwambie asubiri eksirei. Na zile picha za kwato, hata kama hukupiga kabla, piga sasa hivi kabla hazijaguswa tena.