Maswali ya Lugha: Miungu na Vibwengo Ndani ya Maneno

*Nasoma Kijerumani sekondari. Siku zao zina majina ya miungu, lakini Mittwoch ni "katikati ya wiki" basi. Mungu wa Jumatano alikwenda wapi? – Mwanafunzi, Mukono*

Alifukuzwa. Wagermani, mababu wa Wajerumani, Waingereza na Waholanzi, walipopokea wiki ya Warumi, waliweka miungu yao mahali pa ile ya Kirumi. Siku ya Jupiter mwenye radi akapewa Donar, ndiyo Donnerstag, Alhamisi. Ya Venus akapewa Frija, ndiyo Freitag, Ijumaa. Siku ya Mercurius ilikuwa ya Wodan, na Waingereza na Waholanzi wanamtaja hadi leo: Wednesday, woensdag. Kwa Wajerumani, Kanisa halikutaka mkuu wa miungu ya kale atajwe kila wiki. Kilatini cha kanisa kilikuwa na jina lisilo na mungu, media hebdomas, nusu ya wiki. Likatafsiriwa likawa Mittwoch. Wareno waliwafuta wote wakabaki wanahesabu: Jumatatu ni segunda-feira, siku ya pili.

Dienstag, Jumanne, ndiyo tamu kwetu. Inatokana na Thingsus, jina la sifa alilopewa mungu wa vita wa Wagermani, ambaye Warumi walimwita Mars, akiwa mlinzi wa thing, yaani mkutano wa watu wa kuamua mashauri. Na Bbalaza, Jumatatu ya Luganda, ni baraza letu la Kiswahili.

Kwa kuwa umegusa siku, chukua na hili, maana Kampala linavuruga miadi kila wiki. Luganda huhesabu kuanzia Jumatatu, Kiswahili kuanzia Jumamosi, kwa hiyo ongeza mbili: Lwakubiri ni Jumanne, Lwakusatu ni Jumatano. Anayesikia Lwakusatu akaandika Jumatatu amekosea kwa siku mbili nzima. Lwakuna ingekuwa "Jumasita", ila hapo Kiswahili kimechukua Alhamisi ya Waarabu, yaani ya tano kuanzia Jumapili. Ndiyo maana tuna "tano" mbili zinazofuatana. Wabavaria wa zamani nao waliiita Alhamisi Pfinztag, kutoka neno la Kigiriki la "tano".

*Hapa Kasese tunajua kobalti. Je, ni kweli jina hilo ni la shetani? – Msomaji, Kasese*

Si shetani, ni kibwengo. Kobold katika imani za Wajerumani ni kijitu cha nyumbani au mgodini, chenye hila nyingi. Wachimbaji wa milima ya Erzgebirge, Saxony, walipata mawe yaliyoonekana kama ya fedha. Wakiyatia tanurini, fedha haitoki. Unatoka moshi unaoumiza kifua na kuua. Mawe hayo yalikuwa na aseniki, na aseniki ikipashwa moto hugeuka mvuke wa sumu. Wao wakasema Kobold ameiba fedha akaacha uchafu wake. Msweden Georg Brandt aliitenga metali yenyewe miaka ya 1730, jina la tusi likabaki.

Nikeli ina hadithi hiyohiyo. Kupfernickel lilikuwa jiwe jekundu kama shaba lisilotoa shaba hata chembe. Nickel ni kifupisho cha Nikolaus, na pia jina la kijini mtukutu. Axel Cronstedt, Msweden mwingine, alipata metali mpya katika mawe ya namna hiyo mwaka 1751. Alama ya kemia W nayo ni ya Wolfram, yaani metali ya tungsteni, jina lenye mbwamwitu ndani yake, kwa sababu jiwe hilo likichanganyika na bati tanurini, bati hupungua kana kwamba limeliwa.

Kobalti yenu haikuhitaji kibwengo. Ilikuwa ndani ya pairaiti, madini ya chuma na salfa, katika mabaki yaliyorundikwa baada ya shaba ya Kilembe kutolewa, na ilipoanza kuvunwa Kasese, bakteria ndio waliotumika kuifungua.

*Lugha zetu zina maneno ya namna hii, au ni mambo ya Wazungu? – Msomaji, Masaka*

Unayo mdomoni. Kwa Luganda musisi ni tetemeko, na Musisi ni lubaale wake, yaani mungu wa jadi wa Baganda. Musoke ni upinde wa mvua, na Musoke ni lubaale. Kawumpuli ni tauni, na Kawumpuli ndiye mwenye tauni. Donar ni hivyohivyo: jina lake na Donner, ngurumo, ni neno moja. Mtu anayemtafuta "mungu aliyezaa neno" hapa anauliza kinyume, kwa sababu kitu na mwenye kitu wameitwa jina moja.

Kiswahili nacho kina jinamizi, linalomkandamiza aliyelala. Mjerumani husema Albtraum, ndoto ya Alb, kiumbe kinachokaa kifuani. Tahajia Alptraum pia ni sahihi, kwa hiyo mwalimu asikukate maksi.

*Nimesoma kwamba Ostern, Pasaka ya Wajerumani, ni sikukuu ya mungu wa kike Ostara. Niamini? – Katekista, Gulu*

Usiliweke kwenye mafundisho. Mtawa Beda wa Uingereza, mwaka 725, alimtaja Eostre, mungu wa kike wa Waingereza wa kale, kwa maneno machache. Hakuna mwandishi mwingine wa zama zile anayemtaja. Ostara wa Kijerumani ni jina alilolikisia Jacob Grimm mwaka 1835. Kilicho imara ni kwamba neno lina undugu na Ost, mashariki, kunakopambazuka.

Ukikutana na dai kama hilo, fungua DWDS, kamusi ya bure ya Kijerumani kwenye intaneti, andika neno, shuka hadi sehemu ya Etymologie, usome umbo la kale kabisa kabla ya maelezo. Jaribu Sündflut, gharika ya Nuhu. Linaonekana ni "gharika ya dhambi", Sünde. Umbo la kale ni sinvluot, na sin- hapo ni "kubwa, ya kila mahali". Dhambi iliingizwa baadaye na masikio ya waumini, na leo tahajia ya kawaida ni Sintflut.