Muulize Shangazi: Mgeni wangu hataki mbuga, anataka "maisha ya kawaida"

Mwezi huu nimeletewa maswali ya wageni na safari mpaka nikajiuliza kuna nini, sa nyingine ni hii treni ya umeme, watu wa Dar siku hizi Dodoma wanakuja kama wanaenda Kibaha. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu kuliko mengine, mnisamehe, limenigusa.

Shikamoo Shangazi. Naishi Ipagala hapa Dodoma. Binti yangu alisoma nje, sasa rafiki yake wa Ujerumani anakuja kututembelea mwezi wa nane, atakaa siku tisa. Tumemuuliza anataka twende mbuga gani, anasema hataki mbuga, anataka kuona maisha ya kawaida tu. Sasa Shangazi maisha ya kawaida ndo yapi? Baba watoto ashapaka rangi chumba, anataka tununue kitanda kipya na mimi nipike pilau kila siku. Nisaidie kabla hatujafilisika. Mama Neema

Marahaba mama Neema. Rangi ishapakwa, haina shida, itawabakia wenyewe. Kwenye kitanda hapo simameni kwanza. Net isiyo na matundu, shuka safi, maji ya kunywa yaliyochemshwa na blanketi zito, basi, mana mwezi wa nane usiku hapa Dodoma kuna baridi na upepo ambao mtu wa nje haamini kama yuko Afrika.

Kuna ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wanautumia kumsema mgeni aliyezidisha siku. Mi nauona ndo jibu lako lote lilipo, kwasababu mgeni asipopewa jembe anabaki kwenye kochi na soda yake, anaangaliwa, anachekewa, na wewe uko jikoni umechoka, na yule binti kalipa nauli yote hiyo kutoka Ujerumani kuja kukaa kwenye kochi. Kochi kwao lipo.

Kwahiyo siku ya kwanza mpikie hilo pilau, ni heshima yako usinyimwe. Kuanzia ya pili ale mnachokula. Asubuhi chai na kiporo au uji, mchana ugali wa uwele na mlenda kama kwenu mnakula, usiku makande. Mlenda usimlazimishe, muoneshe tu namna ya kukata tonge na kuzungusha mkono ule uzi ukatike, watoto watacheka, na yeye atacheka, hapo mshaanza kuzoeana. Na mpe kazi ndogo ya kila siku ambayo ni yake, mfano yeye ndo wa kwenda na Neema gengeni kununua nyanya na vitunguu. Gengeni kwa mama yule yule kila siku! Siku ya kwanza atatajiwa bei ya mzungu, ya tatu yule mama atakuwa anamuuliza leo mnapika nini, na siku ya sita atampa nyongeza bila kuombwa. Hayo ndo maisha ya kawaida anayoyatafuta, na huwezi kuyapata ukipita mahali mara moja na kamera.

Soko la Majengo nendeni pia, ila mwambie abebe kikapu, mana ile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na wageni wengine wanakuja nayo kwenye begi hawajui. Jumamosi mpelekeni mnada wa Msalato, pale ataona mbuzi anavyouzwa, anavyochomwa na anavyoliwa, yote ndani ya saa chache, na mitumba, na wazee wa Kigogo na fimbo zao. Kabla hamjaenda mfundishe kusalimia "mbukwa", na wakiwa wengi "mbukwenyi". Neno moja tu hilo, utaona mzee anavyogeuka.

Bahati yenu mwezi wa nane unaangukia kwenye msimu mmoja wa mavuno ya zabibu, mana hapa kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, ule mwingine unakuja mapema mwaka, mwezi wa pili wa tatu hivi. Kama mna ndugu mwenye shamba Hombolo au Mpunguzi msiende kutalii, nendeni kuvuna, alfajiri, apewe mkasi na ndoo. Na akifika kabla ya tarehe 8 kuna Nanenane pale Nzuguni, hiyo wala haihitaji maelezo, vumbi tu ndo tatizo.

Mambo madogo yanayoharibu. Muelezeni saa zetu mapema, akiambiwa saa mbili asije akajitokeza saa nane mchana. Muoneshe mnavyoogea ndoo na kopo bila kuona aibu, mana maji yakikatika katikati ya mapovu ndo atauliza na wewe haupo. Mwenyekiti wa mtaa ajue mna mgeni, ni adabu na ni usalama pia. Asipige picha wanajeshi wala kambi zao, na kwenye majengo ya serikali aulize kwanza, mji wetu huu ni makao makuu usisahau. Kwenye msiba anaweza kwenda, ndiyo, wengi mnaogopa kuwapeleka wageni msibani, lakini avae kanga, akae na akina mama, simu ibaki kwenye mkoba.

Halafu muacheni apumzike. Sisi tunaona mtu akikaa peke yake anaumwa au amekasirika, wenzetu wengi wanahitaji nusu saa ya mlango kufungwa. Mimi nilishawahi kumgongea mgeni mlango mara nne kwa mchana mmoja, chai, maembe, chai tena, na salamu za jirani, mpaka siku anaondoka akanishukuru kwa kila kitu na kuniomba kwa upole sana nisimgongee kabla ya saa moja asubuhi. Niliona haya mpaka leo.

Habari Shangazi. Mi ni kijana wa Kolo, Kondoa, naendesha bodaboda. Watalii wanakuja kuona michoro ya miambani, wanapanda mlima wanapiga picha, wakishuka wanapanda gari lao hao wanaelekea Babati, hata chai hawanywi. Mi na wenzangu tunataka tuwaoneshe maisha ya kijijini tupate na sisi chochote. Tulijaribu mara moja tukapanga akina mama wacheze ngoma, wageni watatu wakapiga makofi wakaondoka. Tunakosea wapi?

Mwanangu mmewaza vizuri, ile michoro iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, wageni wataendelea kuja tu. Lakini ngoma saa nne asubuhi siku ya Jumanne, wewe mwenyewe lini umeiona? Na wao wanaona. Mtu anajua kabisa akina mama wametolewa shambani kuja kumchezea yeye, anaona aibu, anapiga makofi, anawahi gari.

Jiulizeni saa hiyo mama yako anafanya nini kweli. Anapepeta? Anapeleka alizeti mashineni kukamua mafuta? Basi ndo hapo. Chukueni nyumba mbili au tatu zinazokubali, zikubali kweli siyo kwa kulazimishwa na mwenyekiti, mgeni akishuka mlimani aende akapepete na yeye, amwage nusu chini, achekwe, ale mchana pale kwenye mkeka, kisha aende. Saa mbili zinatosha. Wageni wawili watatu kwa wakati, siyo basi zima. Ngoma ikiwepo kwasababu kuna harusi au mavuno, vizuri, wakaribisheni, isipokuwepo haipo.

Hela pangeni kabla na muiseme kabla, bei moja, msimuachie mgeni "utatoa chochote", inamtesa yeye na inawagombanisha nyie. Mama aliyepika apate ya kwake mkononi siku ile ile. Nyingine ya anayeongoza, na kiasi kiende kwenye kitu cha kijiji ambacho kila mtu anakiona, dawati, tenki la maji. Hii siyo akili yangu, vijiji vya kule Arusha na Manyara kama Mto wa Mbu vilianza utalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990 na sehemu ya hela inaenda kwenye maendeleo ya kijiji.

Na kwa vile unawapeleka wewe, simamia haya: kule juu wasiguse michoro wala kuimwagia maji ili rangi ikolee kwenye picha, wapite kwanza ofisi ya michoro pale Kolo, na sehemu ambazo wazee bado wanafanyia matambiko mgeni aambiwe ni mahali pa watu pa kusali. Picha za watoto wanaombwa wazazi. Pipi wasigawe barabarani, mana hapo mnafuga ombaomba.

Shangazi za kazi? Mimi ni mwalimu, nipo Chamwino. Naenda semina Addis Ababa siku tano na nina siku mbili za bure. Sitaki kuzunguka na basi la watalii, nataka nione Waethiopia wanavyoishi. Sina ninayemjua huko.

Kazi njema mwalimu. We una bahati kuliko mtalii yeyote wa Ulaya, kwasababu Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, saa mbili yao ni saa mbili yako. Tatizo ni kwamba wakikuona mgeni wengine wanakugeuzia ziwe saa za kizungu ili wakusaidie, kwahiyo kila mkipanga kitu uliza, ya kwenu au ya wageni? Tarehe zao ndo nyingine kabisa, wana miezi kumi na tatu na mwaka mpya wao unaanza mwezi wa tisa, hiyo usijaribu kuifuata waachie.

Jembe lako huko litakuwa kahawa. Kwenye mitaa ya kawaida utaona mwanamke amekaa kwenye kigoda kando ya barabara, ana jiko la mkaa na birika jeusi la udongo linaitwa jebena, na vikombe vidogo visivyo na mkono. Kaa hapo. Kesho yake rudi hapo hapo, usitafute kwingine kuzuri zaidi. Ukibahatika kualikwa nyumbani ndo utaona yenyewe, buni inakaangwa mbele yako, unapitishiwa moshi unuse, inatwangwa, inachemshwa, na mara nyingi bisi pembeni. Inamiminwa mara tatu, ya kwanza wanaita abol, ya pili tona, ya tatu baraka, na ni neno lile lile letu. Ukiaga baada ya kikombe cha kwanza kwasababu una ratiba umewakwaza, kwahiyo siku hiyo usiwe na ratiba.

Chakula utakipenda ukizoea ule uchachu wa injera, inatengenezwa kwa tefu, ni nafaka punje zake ndogo hata kuliko uwele wetu. Mnakula sahani moja kwa mkono wa kulia, na mwenyeji anaweza akakukatia tonge akakulisha mdomoni, usishtuke mwalimu, inaitwa gursha, ni mapenzi, fungua mdomo. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wengi wanafunga nyama na maziwa, siku hizo agiza beyaynetu, ni injera yenye mboga na dengu za kila aina juu yake, mi naona ni nzuri kuliko za nyama. Ukienda kanisani vua viatu, na kama ni mwanamke jifunike kitambaa cheupe.

Shangazi, kuna mzungu anataka kuja na viza ya utalii afundishe Kiingereza shule ya jirani wiki tatu, bure, "aishi kama sisi". Tumkubalie?

Hapana. Viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea, kuna kibali chake kinaombwa Uhamiaji, na hao watoto watazoea mwalimu wa wiki tatu halafu iweje. Kama anataka kuishi kama nyie aje apange chumba, ajiunge na kwaya, mazoezi si yapo kila wiki? Aimbe sauti ya tatu na wengine, na michango ya send-off alipe.