Amplifaya ya kwanza bado ina harufu ya boksi, moyo ushahamia kwa nyingine

SWALI: Shikamoo anko. Nipo Buhongwa, Mwanza, ni fundi cherehani, mchana kutwa mashine inanipigia kelele kwa hiyo usiku ndo muda wangu wa zilipendwa. Mwaka jana nilimkuta jamaa Makoroboi anauza hedifoni ya Beyerdynamic DT 990 Pro, ile ya omu 250 (ukinzani wake wa umeme), imetumika ila nzima, nikaichukua. Kuchomeka kwenye simu sauti ndogo, volyumu mpaka mwisho na bado nasikia majirani wanaongea. Nikajichanga nikaagiza kiamplifaya kidogo cha betri, cha mfukoni, anko usiku ule sikulala, nilisikia vidole vya mpiga solo vinateleza kwenye nyuzi, kitu ambacho sijawahi kusikia kwenye nyimbo hizo hizo nilizokua nazo toka utoto. Sasa ni mwezi wa tatu, nimeanza kuangalia video za watu wanasema hicho changu ni cha kuanzia tu, natakiwa niende kwenye chenye wati 1 na tundu la balansi la milimita 4.4. Bei yake karibu mara nne ya hiki. Mke wangu hata sijamwambia. Halafu trebo, zile sauti nyembamba za juu, inanichoma masikio kidogo, wanasema amplifaya kubwa itailainisha. Nifanyeje?
Fundi cherehani, Buhongwa

JIBU: Marahaba kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, hapo kwenye vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi niliganda, maana usiku wa aina hiyo naujua. Twende polepole basi.

Tuanze na kwa nini hicho kidogo kilikufurahisha, maana kilifanya kazi kweli. Simu nyingi zinatoa nusu volti mpaka volti 1 kwenye tundu la hedifoni, basi. Hedifoni ya omu 32 inashiba hapo, ila yako ya omu 250 inataka volti nyingi zaidi. Hesabu yake ni nyepesi, volti mara volti gawanya kwa omu, unapata wati. Nusu volti kwenye omu 250 ni miliwati 1. Hedifoni yako kwa miliwati 1 inatoa desibeli 96 hivi (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), na hicho ni kilele, pale ngoma inapodunda, wimbo wa zamani uliorekodiwa kwa utulivu unatembea chini ya hapo desibeli 15 au 20, ndo maana majirani ulikua unawasikia (na hedifoni hiyo ni ya mgongo wazi, kwa hiyo hata wao wanakusikia). Sasa tuseme hicho kiamplifaya kinafika volti 3. Hapo ni miliwati 36. Kutoka 1 mpaka 36 umeongeza desibeli zaidi ya 15, hapo njaa ilikutana na ugali.

Sasa nikuulize mimi. Ukiwa umetulia na sauti imekukaa vizuri, volyumu ya hicho kiamplifaya unaizungusha mpaka wapi? Ukinambia nusu, basi nusu nyingine hujaigusa bado. Hiyo wati 1 wanayoiandika kwenye boksi soma vizuri pembeni yake, mara nyingi wameipima kwa hedifoni ya omu 32. Wati 1 kwenye omu 32 ni kama volti 5.7, chukua volti hizo hizo uzipeleke kwenye omu 250 zako unapata miliwati 130 tu. Kutoka 36 kwenda 130 ni desibeli 5 na nusu, wakati sikio ili liseme sauti imekua mara mbili linataka kama desibeli 10. Unalipa mara nne kwa nafasi ambayo hujawahi kuifikia, na ungekua unaifikia ningekuogopea masikio. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni saa 40 kwa wiki, ukipanda mpaka 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima, na wewe hapo bado mashine ya mchana hatujaihesabu.

Kuhusu tundu la 4.4, ishike hedifoni yako sasa hivi uiangalie. Waya unaingia upande mmoja tu, kushoto, ule wa kujikunja kama wa simu ya mezani, na haubanduki. Kwenye waya huo njia ya kurudi ni moja, kushoto na kulia wanagawana. Balansi inataka kila sikio liwe na njia zake mbili. Kwa hiyo tundu hilo utalilipia halafu hutakua na cha kuchomeka, labda umpate fundi wa kuifungua hedifoni aitie waya mwingine, na hedifoni nzima kufunguliwa kwa sababu ya tundu mimi sikushauri. Watu wa kwenye video hawakukwambia hilo, hawajui una hedifoni gani.

Trebo inayochoma ni tabia ya hedifoni yenyewe, DT 990 inajulikana kwa hilo, imenyanyuka huko kwenye kilohezi 8. Amplifaya nzuri inakuza kilichoingia na kukiacha kilivyo, hizo za kulainisha zinakua zimegusa kitu njiani. Fungua ikwalaiza kwenye simu, ile ya kupandisha na kushusha besi na trebo, shusha hapo kwenye kilohezi 8 desibeli 4, sikiliza wiki nzima bila kugusa, kama bado inachoma shusha ifike 6. Haina gharama. Na zile sponji za kitambaa bonyeza kwa kidole, kama zimelala hazirudi, nunua mpya, sponji ikichoka sikio linasogea karibu na spika na mlio wote unabadilika. Ukitaka kutumia hela mwaka huu tumia hapo, hapo nakuunga mkono kabisa.

Nakwambia haya kwa sababu yalinikuta. Nilikua nakaa Pasiansi, nina kiamplifaya changu cha kwanza, bati nyeusi, ile alama nyeupe ya kwenye volyumu imeshafutika kwa kidole gumba. Nikapata kikubwa. Wiki nzima naapa kikubwa kimekiacha mbali, besi imeshiba, waimbaji wamesogea mbele, nikatafuta mtu wa kumuuzia kile kidogo, akapatikana bwana mmoja wa Bukoba, akanitangulizia hela yote, mimi nikaitumia. Ijumaa, siku moja kabla hajaja kukichukua, rafiki yangu fundi redio akapita na maltimita yake, kile kipimo cha umeme. Akapiga toni ya hezi 60 kwenye simu, akapima volti za AC kwenye tundu la kila amplifaya hedifoni ikiwa imechomekwa, akawa anazungusha kidogo kidogo mpaka zote mbili zinasoma milivolti 300. Halafu akanifunga macho na kitenge, akawa anachomeka na kuchomoa, hii au ile, mara 20. Nilipatia mara 11. Ungerusha sarafu ungepata hizo hizo.

Kumbe wiki nzima kikubwa nilikua nakisikiliza kikiwa juu kidogo tu. Ukiliongezea sikio desibeli 1 halikwambii sauti imepanda, linakwambia mziki umenoga, hapo ndipo watu wengi tunapoibiwa na hakuna mwizi. Jumamosi jioni nikakisindikiza kile cheusi mpaka bandarini, na chaja yake, na kiwaya chake kifupi. Mpaka leo honi ya meli ya Bukoba ikilia jioni nakikumbuka.

Sikatazi mtu kubadilisha. Volyumu ikifika mwisho na sauti bado ndogo, badilisha. Kukiwa na mvumo wa shhh unaousikia wimbo ukinyamaza, au ukishusha volyumu sikio moja linabaki na sauti kuliko lingine, au betri haimalizi jioni moja, badilisha na mimi nitakusaidia kuchagua. Barua yako haina hata moja kati ya hayo. Ina video tu. Kama ukipata nafasi ya kuazima hicho kikubwa, azima, ila sawazisha sauti kwanza kama alivyofanya yule fundi, na asiyekua wewe ndo achomeke. Maltimita iwe inayosoma AC ndogo, zile za bei rahisi kabisa zinaanzia volti 200 hazitakuonyesha kitu.

Na mama watoto mvishe hiyo hedifoni usiku mmoja, umwekee wimbo anaoupenda yeye, sio wako.

SWALI: Anko mambo, nauza dagaa mwaloni Kirumba, nina hedifoni za bluetooth, kelele za pale unazijua, nataka amplifaya ya kuongeza sauti. Ipi nzuri?
Dada wa dagaa

JIBU: Poa dada yangu. Usinunue. Hedifoni ya bluetooth amplifaya yake imo humo humo ndani, simu inaitumia data tu, hakuna pa kuiweka nyingine katikati. Kama yako ina tundu la waya unaweza kuchomeka amplifaya hapo, ila jaribu kwanza na waya wa simu, nyingine hata ukichomeka waya bado zinapitisha sauti kwenye amplifaya yake ya ndani, hutapata faida. Na kwa kelele za mwaloni, injini za mitumbwi, wapakiaji, wanaopigiana bei, ukipandisha sauti kushindana nazo unajiumiza bure. Tafuta iafoni za kuingia ndani ya sikio zenye vile vimpira, uchague saizi inayoziba kweli, zile zinazokuja kwenye pakiti ni saizi tatu na watu wengi hawajawahi kuzibadilisha. Ikiziba vizuri utashangaa unashusha volyumu mwenyewe. Ila mteja akikuita usivae zote mbili.

SWALI: Nasafiri sana na meli ya Nansio. Simu yangu nimeifunga na amplifaya kwa rababendi, kitu kimoja, mjini safi kabisa ila tukifika katikati ya ziwa inaanza trr-trr-trr kwenye masikio yote. Amplifaya imekufa?
Msafiri wa Ukerewe

JIBU: Nzima kabisa. Ukiwa mjini mnara upo karibu, simu inaongea nao kwa sauti ndogo. Mkisogea ziwani mnara unakua mbali, simu inapiga kelele kuufikia, na ikishuka kwenye 2G inatuma kwa kukatakata, kama mara 217 kwa sekunde, hiyo ndo trr unayoisikia, kile kiwaya kati ya simu na amplifaya kinaidaka kama antena. Weka simu hali ya ndege, kelele itakata hapo hapo. Kama unasubiri kupigiwa, fungua rababendi, ziweke mbali kama shubiri moja. Na zisikae juani kwenye dirisha la meli, betri za lithiamu zinachukia joto kuliko kitu chochote.

SWALI: Nasoma umeme chuoni, naishi Igoma. Hela ya kununua sina ila nina koleo, waya wa soda wa kuchomelea na muda. Naweza kujitengenezea?
Mwanafunzi

JIBU: Unaweza, na nimefurahi umeuliza. Tafuta mchoro unaoitwa Cmoy, ni wa mtu anaitwa Chu Moy, watu duniani wameutengeneza ndani ya vibati vya pipi za minti. Chipu moja yenye amplifaya mbili ndani, kama OPA2134, betri ya volti 9, vikapasita na rezista za kuhesabika. Betri unaigawa katikati kwa rezista mbili zinazolingana na kapasita mbili, unapata volti 4.5 juu na 4.5 chini, hapo katikati ndo dunia (graundi) yako. Ukikosa OPA2134 kwenye maduka ya hapa jaribu NE5532. Ile 4558 inayopatikana kwenye sabufa mbovu itapiga pia, ila kwa hedifoni za omu 32 itachoka haraka na sauti itapasuka, itumie kujifunzia.

Bati liguse dunia ya katikati, lisiguse hasi ya betri, wengi wanaungua hapo. Tundu la hedifoni likishika bati bila kufikiria, umeshachagua dunia yako, kwa hiyo tundu la chaja kama utaweka lifunge kwa plastiki lisiguse bati. Ukimaliza usichomeke hedifoni kwanza. Washa, weka maltimita DC, pima kati ya dunia na kila upande wa tundu. Ikisoma milivolti 20 au chini, chomeka, anza na hedifoni ya bei ndogo. Ikisoma zaidi, zima, rudi kwenye viungo ulivyochomelea kimoja kimoja, halafu niandikie umeona nini.