Maswali yenu: majaribio ya tiba za sonona

Katika makala iliyopita niliandika kwamba dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, zinasaidia, "ila kwa kiasi". Maneno hayo mawili, kwa kiasi, yamenivutia ujumbe mwingi kuliko makala yote yaliyobaki. Mmoja ananituhumu kwamba nimelipwa na watengeneza dawa, mwingine kwamba nazipiga vita dawa zao. Nimechukua maswali yaliyojirudia.

*Ni kweli kwamba kwenye majaribio haya baadhi ya wagonjwa hupewa kidonge kisicho na dawa ndani? Huko si kumchezea mtu aliyekwisha elemewa?*

Ni kweli. Watafiti hukiita plasebo. Mimi nitakiita kidonge kitupu, maana "dawa bandia" ni jina la zile za matapeli. Kwa rangi na ukubwa kinafanana na chenye dawa. Nani apate kipi huamuliwa kwa bahati nasibu, na mgonjwa hajui, wala daktari anayemhudumia.

Sababu yake iko kwenye tabia ya ugonjwa wenyewe. Sonona hupanda na kushuka. Watu wengi hujiandikisha kwenye jaribio wakiwa wamezidiwa kabisa, kwa hiyo wiki nane baadaye baadhi yao wangekuwa na nafuu hata bila tiba. Hapo ongeza matumaini, na mtu anayekuuliza mara kwa mara umelalaje, umekula nini. Kwa makadirio ya jumla, kati ya wagonjwa kumi wanaomeza kidonge kitupu, karibu wanne hupata nafuu ya kuonekana. Kati ya kumi wanaomeza dawa yenyewe, watano hivi. Usipokuwa na kundi la kulinganisha, dawa itajinyakulia sifa za wote watano.

Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na kupima dawa 21. Zote zilikishinda kidonge kitupu, lakini pengo kwa wastani si kubwa. Ndiyo maana ya "kwa kiasi" yangu.

Je, ni kumchezea mgonjwa? Ingekuwa hivyo kama angefichwa. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa huambiwa wazi kwamba huenda akaangukia upande wa kidonge kitupu. Mara nyingi walio katika hatari ya kujiua hawaingizwi kabisa. Hilo ni jema kwao, ingawa lina gharama yake: mgonjwa anayepimwa kwenye jaribio si mara zote anafanana na yule aliyelazwa wodini.

*Malaria ina kipimo cha damu. Huzuni mnaipimaje?*

Kwa kuuliza. Kipimo kilichotumika zaidi kilitungwa na daktari wa magonjwa ya akili Max Hamilton mwaka 1960: vipengele 17, alama kuanzia 0 hadi 52, na zikiwa nyingi hali ni mbaya zaidi. Mhoji huuliza kuhusu huzuni, hatia, hamu ya kula, kazi, mawazo ya kujiua, kisha anajumlisha. Alama zikishuka kwa nusu, husemwa mgonjwa "ameitikia tiba". Zikifika 7 au chini, husemwa "ametulia".

Sasa angalia ndani yake. Usingizi peke yake una vipengele vitatu: kuchelewa kuupata, kukatika usiku, kuamka kabla ya alfajiri. Kila kimoja kina alama hadi 2, jumla 6. Dawa inayoleta usingizi tu inaweza kukupunguzia alama kadhaa bila kuigusa huzuni. Na tofauti ya wastani kati ya dawa na kidonge kitupu kwenye kipimo hiki ni kama alama 2 hivi.

Niliwahi kufanya kazi ya kuhoji kwa dodoso la namna hii. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa amepata nafuu nzuri kwenye karatasi: analala, anakula, mikono haitetemeki. Nilipokuwa nafunga faili akanieleza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba analala vizuri ila akiamka bado haoni cha kuamkia. Nililifungua faili tena. Alama ya usingizi ilibaki palepale, maana alikuwa amesema kweli, lakini ile ya hamu ya kufanya shughuli niliipandisha.

*Nasikia tafiti zinazoshindwa hufichwa. Ni uzushi?*

Si uzushi. Mwaka 2008 kundi la watafiti Marekani lilichukua majaribio 74 ya dawa 12 za sonona yaliyokuwa yamewasilishwa kwa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, kisha likayatafuta kwenye majarida ya kitabibu. Majaribio 38 yalikuwa na matokeo mazuri. 37 kati yake yalichapishwa. Mengine 36 yalikuwa na matokeo mabaya au ya mashaka. Hapo 22 hayakuonekana popote, 11 yaliandikwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane mazuri, na matatu tu ndiyo yaliyochapishwa jinsi yalivyo.

Kwa hiyo daktari aliyekuwa anasoma majarida kwa uaminifu wote aliona dawa zikishinda karibu kila mara. Aliyekuwa na mafaili ya serikali aliona zikishinda nusu tu. Siku hizi majaribio hutakiwa kusajiliwa hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia, na hilo limesaidia. Mimi bado nikisoma matokeo mazuri hukimbilia kwanza kwenye usajili, nione kama kilichoahidiwa kupimwa ndicho kilichopimwa.

*Na tiba ya mazungumzo? Hiyo nayo hupimwa au ni maneno matupu?*

Hupimwa, na mfano ninaoupenda umetoka Uganda. Watafiti walianza kwa kuwauliza wenyeji wa Masaka na Rakai hali hii wanaiitaje. Wakapewa majina mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, kujisikitikia. Kisha vijiji 30 viligawanywa kwa kura. Katika nusu yake watu walikutana kwa vikundi kila wiki kwa wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, si madaktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kwenye vikundi, waliokuwa na sonona kali walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5.

Ukiishia hapo utapiga makofi. Sasa tazama vijiji ambavyo havikupata vikundi: kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Hawa hawakupewa tiba hiyo, na bado wengi walitoka. Tiba ilishinda kwa mbali, hilo halina ubishi, lakini ungesoma upande mmoja tu ungeipa sifa zaidi ya haki yake. Na kuna tatizo ambalo vidonge havina: mazungumzo hayana kidonge kitupu. Anayeketi kwenye kikundi anajua yuko kwenye kikundi, na anayesubiri zamu anajua anasubiri.

*Ketamini inaponya sonona kwa saa chache. Kweli?*

Inapunguza makali kwa saa chache kwa baadhi ya watu, na nafuu hiyo mara nyingi hufifia ndani ya siku kadhaa. Ni dawa ya nusukaputi ya siku nyingi. Jaribio la kwanza la kuilinganisha na plasebo kwa wenye sonona, ambayo hapa ilikuwa dripu ya maji ya chumvi na si kidonge, la mwaka 2000, lilikuwa na wagonjwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Ndugu yake, esiketamini ya kupuliza puani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, na hutolewa kliniki mgonjwa akiangaliwa kwa saa mbili. Ugumu wa kuipima unaujua tayari: aliyeipata huhisi kama anaelea, kwa hiyo siri ya nani kapewa nini haidumu hata dakika kumi. Usiijaribu nyumbani.

*Nimemeza dawa wiki sita, sioni kitu. Utafiti unasema niache?*

Utafiti hauwezi kukuambia wewe. Rudi kwa daktari wako, na usiache ghafla, wala usijiongezee dozi. Ninachoweza kukupa ni picha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa STAR*D, wenye wagonjwa wapatao 4,000, dawa ya kwanza ilituliza karibu theluthi moja tu. Walioshindwa walibadilishiwa au kuongezewa dawa, na wengine wakatulia kwenye hatua ya pili. Hatua ya tatu na ya nne zilivuna wachache. Jumla iliyotangazwa ilikuwa asilimia 67, nayo inabishaniwa hadi leo, na utafiti huo haukuwa na kundi la kidonge kitupu. Lakini dawa ya kwanza kugoma ni jambo la kawaida kabisa. Kama kukata tamaa kumefika kwenye mawazo ya kujidhuru, usisubiri miadi: nenda leo, na usiende peke yako.

*Nikijiunga na jaribio, naweza kujitoa?*

Siku yoyote, bila kutoa sababu, na bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Kabla ya kutia saini uliza pia hili: nikipata nafuu na jaribio likaisha, dawa nitaendelea kuipata wapi? Kama anayekusajili hana jibu, mwachie fomu yake mezani, mwambie utarudi akishalipata.