Kwa mnaoanza kupaka mbegu bakteria: hesabuni kwenye punje

Kila masika ikikaribia wanakuja vijana wapya, na makosa ni yaleyale, utadhani yameandikwa kwenye barua ya ajira. Haya, wadogo zangu, someni kabla ndoo hazijapakiwa kwenye gari la Handeni.

1. Mahindi si maharage. Acheni kung'oa miche mkitafuta vinundu vya bakteria mizizini kama vya maharage. Azospirillum, bakteria tunayoipaka kwenye mahindi, hukaa juu ya mzizi, na kidogo ndani yake, ikitoa oksini, homoni ya ukuaji. Mzizi unaota vinyweleo vingi na kufyonza zaidi. Basi osheni mizizi, kausheni, pimeni uzito. Nitrojeni inayoongezeka ni kidogo, kwa hiyo msimwambie mkulima aachane na urea.

2. Mbegu ya dukani yenye rangi imeshapakwa dawa, mara nyingi ya ukungu. Dawa hiyo inaweza kuua na bakteria wetu, basi tafuteni isiyo na dawa.

3. Hapa ndipo mnaponichosha. Mnahesabu bakteria wa kwenye pakiti: bilioni 1 kwa gramu, mnaandika daftarini, mnakwenda kunywa chai. Pakiti haipandwi! Gramu 10 za chanjo, yaani ule unga wa pakiti wenye bakteria, kwa kilo ya mbegu ni bakteria bilioni 10. Kilo ya mahindi ina punje kama 3,000. Kila punje ianze na milioni 3 hivi. Lakini Azospirillum haipendi ukavu wala joto. Mbegu zilizopakwa jana jioni, zikalala kwenye buti la gari, zikafika shambani saa sita mchana, huenda zimebaki na maiti tupu. Mwisho wa msimu ploti zote zinafanana, na ripoti inasema bakteria hawafai kwa udongo wa Handeni. Udongo umesingiziwa.

Chukueni punje 10 kutoka kwenye ndoo ya mpandaji, palepale shambani. Zitieni kwenye mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, chupa ikae kwenye kasha la barafu, ifike maabara siku hiyohiyo. Tikiseni nusu saa. Punguzeni makali mara kumi kumi, kila hatua mkitia mililita 1 ndani ya 9 za maji ya chumvi, kwa ncha mpya ya pipeti. Ncha moja ikitumika hadi mwisho, hesabu inavimba kwa uongo. Pakeni mililita 0.1 kwenye sahani ya agari ya kongo redi, chakula cha kuoteshea bakteria chenye rangi nyekundu. Kama wote wangali hai, sahani iliyopunguzwa mara 1,000 itaota makoloni kama 30, mekundu yaliyokolea. Mkiyaona hayo 30 kwenye sahani ambayo haikupunguzwa, punje ina bakteria 3,000 tu, sehemu moja ya elfu. Msimu umeshaharibika, na angalau mnajua kwa nini.

4. Paka asubuhi, kivulini, kwa maji ya sukari ya asilimia 10. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, maana klorini ya bomba inaua. Panda siku hiyohiyo. Mbolea ya DAP isiguse mbegu.

5. Ploti linganishi, zisizo na bakteria hai, ni mbili, si moja: isiyopakwa kitu, na iliyopakwa chanjo iliyouawa, kwa sababu ule unga na sukari navyo vina chakula chake. Unga uuweni kwa nyuzi 121 kwa saa nzima. Dakika 15 ni za vimiminika. Hizo mbili ndizo zitangulie kupandwa. Mkianza na zenye bakteria hai, mikono na majembe yatawahamishia bakteria kwenye ploti linganishi, kisha mtaniletea jedwali lisiloeleweka.