Umekataa bahasha na bado huna raha? Anza na Aristotle

Vijana wanaoingia kwenye kazi yetu ya manunuzi huniuliza mambo mengi ya zabuni, lakini tukibaki wawili swali huwa moja: "Kaka, mbona waliokula wamejenga, na wewe bado umepanga na uso umeukunja?"

Swali halali. Wagiriki wa kale walilivalia njuga zamani: je, wema humpa mtu furaha, au humnyima?

Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake *Jamhuri*, anamtumia mhusika Glaucon kusimulia kisa cha mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Akamtongoza mke wa mfalme, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Glaucon anauliza: kama hakuna anayekuona, uadilifu una faida gani? Plato anajibu kwamba dhuluma huivuruga nafsi ya mdhulumu mwenyewe, tamaa ikawa ndiyo inayomtawala. Wastoa, kundi jingine la wanafalsafa wa Kigiriki, wakaenda mbali zaidi: wema peke yake unatosha, umaskini na maradhi havigusi heri ya mwenye hekima. Mtandaoni siku hizi wana mashabiki wengi. Mimi siwapendekezi kwa mtu anayedaiwa kodi ya miezi mitatu. Watamfanya ajione dhaifu bure.

Msome kwanza mwanafalsafa mwenzao Aristotle (384–322 KK). Anasema waziwazi kwamba anayedai mtu anayeteswa ana heri, mradi tu ni mwema, anasema upuuzi. Kwake heri ni kutenda kwa wema maisha yote, ila inahitaji pia marafiki, riziki na bahati kidogo. Priam, mfalme wa Troy, alistawi kisha akaangukiwa na maafa uzeeni, na Aristotle hathubutu kumwita mwenye heri. Hata hivyo, anashikilia kwamba mtu mwema hawezi kuwa duni kabisa, kwa kuwa hatatenda la aibu. Hapo nilipumua. Kumbe naweza kukosa raha kwa sababu mshahara ni mdogo, na wala si kwa sababu nilikataa bahasha.

Lakini ana neno jingine linalochoma: asiyefurahia kutenda haki bado hajawa mwenye haki. Yuko anayejizuia huku roho ikimuuma, na yuko ambaye bahasha haimtamanishi. Wengi wetu tuko kundi la kwanza, na si dhambi kuwapo huko. Njia ya kuhamia la pili, kwa Aristotle, ni mazoezi tu: mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi.

Kwa hiyo usisubiri zabuni kubwa ndipo ujipime. Mimi nilianza na masurufu ya safari, kurejesha kila kilichobaki, na stakabadhi za kweli hata za maji ya kunywa. Mwanzoni iliniuma, hasa wahasibu waliponicheka. Siku hizi narejesha na kusahau.

Halafu angalia unakula na nani mchana. Ukikaa na watu wanaohesabu nyumba za wenzao, wema wako utageuka kinyongo. Tafuta hata mmoja ambaye mbele yake kukataa si ushujaa wa kusimuliwa. Aristotle mwenyewe, katika vitabu kumi vya *Maadili ya Nikomako*, ametenga viwili vizima kwa urafiki, cha nane na cha tisa. Soma cha pili, kinachohusu mazoea, kisha ruka moja kwa moja uende huko. Vya katikati vinaweza kusubiri likizo.